Taratibu na Gari Lisilonguruma

Mke wa Taratibu alizoea kujua kuwa mumewe anarudi kabla hajamwona. Gari la zamani lilikuwa na sauti yake. Likikata kona ya duka la mkaa lilikohoa, likipanda mwinuko wa mbele ya nyumba lilivuta pumzi kama mzee anayeinuka kitini, na yeye, mguu ukiwa bado kwenye cherehani, alimwambia yeyote aliyekuwa karibu, "Huyo amefika. Bandikeni maji."

Sasa alikuwa akishtukia mtu amesimama mlangoni. Gari liko uani, limeingia saa ngapi hajui.

"Ungepiga honi basi," alimwambia mumewe, mkono kifuani.

"Honi nayo inakula chaji."

Mwanzoni alikuwa akisema hivyo kwa utani.

Taratibu si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwenye kituo cha teksi kilichoko mbele ya lango la hospitali kubwa, kwa sababu alikuwa hakimbizi gari hata abiria amwahidi nyongeza. Wajawazito walimuulizia. Watu waliotoka kupasuliwa walikuwa tayari kumsubiri. Akiona shimo barabarani, alilizunguka kwa heshima kana kwamba lina mwenyewe. Alianzia kituoni hapo kwa kuosha magari ya wengine, akaajiriwa kuendesha la mtu, kisha akanunua lake, bovu, la rangi mbili. Viti vyake vilikuwa vimepasuka, akampelekea kitambaa msichana mmoja mshonaji, akamwambia anataka kishonwe kiwe imara kuliko gari lenyewe.

"Kwa gari lile nililoliona hapo nje," msichana akasema, "hilo si jambo gumu."

Kesho yake Taratibu akarudi na kitambaa kingine ambacho hakikuwa kimepasuka popote. Ndivyo walivyooana.

Kituo kile kilikuwa na sheria zake, nazo zilitungwa na madereva wenyewe, Taratibu akiwa mmoja wao. Zamani kulikuwa na watu wa kuchagua abiria. Aendaye mbali wanamgombania, aendaye karibu wanamwacha langoni na bandeji zake. Wakakaa, wakakubaliana: magari yapange mstari, la mbele limchukue abiria anayekuja, awe wa mbali au wa karibu. Ukimkataa, unatoka kwenye mstari. Na ukimwacha mgonjwa njiani, umepoteza nafasi yako kituoni. Nafasi hiyo ndiyo iliyomlea mke wa Taratibu na watoto wake. Ndiyo iliyompeleka binti mkubwa chuoni, na ndiyo iliyokuwa inamsomesha yule mdogo aliyebaki nyumbani.

Kisha hospitali ikasema moshi unaingia madirishani mwa wodi. Wagonjwa wa kifua walikuwa wakilalamika, na kweli walikuwa na haki. Madereva wakaitwa kwenye ukumbi, wakapewa soda, wakaambiwa kwamba mwaka ukiisha, gari la mafuta halitasimama tena mbele ya lango. Ni ya umeme tu. Wataletewa mtambo wa kuchajia pale pale kituoni. Walipiga makofi. Mafuta yalikuwa yamepanda bei mpaka watu wakaacha kuulizana, na kila mmoja alikwishasikia kwamba umeme ni nafuu.

Mtambo uliletwa, ni kweli. Ulifanya kazi wiki chache, ukazima. Wakaambiwa kuna kifaa kimoja kimeagizwa.

Siku ya kwenda kununua gari, Taratibu alimchukua mkewe, maana sehemu ya fedha ilikuwa yake, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani ya pili. Gari la zamani lilikuwa limeshauzwa. Muuzaji aliwaonyesha moja dogo, jeupe, safi, lililokwisha kutumika nchi nyingine huko. Taratibu alilikagua kama alivyokuwa amekagua magari maisha yake yote. Akabonyeza matairi. Akafungua na kufunga milango, akasikiliza inavyojibu. Akafungua boneti, akainama. Mwisho akalala chali chini ya gari na shati lake jeupe, akatoka anatabasamu.

"Halivuji oili hata tone."

"Mzee," muuzaji akasema, "hili halina oili ya kuvuja."

Wakacheka wote watatu. Taratibu ndiye aliyecheka zaidi.

Kuhusu betri, ina umri gani, imebaki na nguvu kiasi gani, hakuna aliyeuliza. Mtu aliyelelewa na injini huuliza habari za injini. Mkewe aliona jambo moja tu: walipofika, gari lilikuwa limechomekwa kwenye umeme, na waya haukutolewa mpaka walipotaka kulijaribu. Akafikiria simu yake, ambayo asubuhi hujaa na kabla ya mchana huanza kuomba. Lakini magari yalikuwa ya mumewe, yeye yake cherehani. Akakaa kiti cha nyuma, akakibonyeza sponji, akasema ni laini.

Shida ya kwanza ilikuwa mita. Walipanga nyumba yenye uwanja mmoja na wapangaji wengine watatu, wote kwenye mita moja, na kila mwezi kila nyumba ilichangia sawa. Gari lilipochomekwa, taa za uwanja mzima zilipungua mwanga. Cherehani yake ilikuwa ya umeme, nayo ikaanza kwenda kama imekata tamaa. Pasi akaiacha kabisa. Sare za wanafunzi alizoshona zikawa zinatoka na mikunjo, na wazazi wakaanza kuzigeuzageuza mikononi kabla ya kulipa.

Mama mwenye nyumba akaja, khanga begani, akasimama akalitazama gari.

"Baba, hilo linakula nini?"

"Umeme kidogo, mama."

"Kidogo. Jokofu langu limelia kama paka tangu jana."

"Nitaongeza mchango wangu."

"Mchango si neno. Nyaya za nyumba hii aliziweka marehemu mume wangu, naye hakuwa fundi, alikuwa mbishi tu. Mkiniunguzia nyumba, mchango utanijengea nyingine?"

Wakakubaliana achaji watu wakishalala. Hiyo ilitosha kujaza nusu ya betri tu. Binti mdogo akawa anarudi kutoka kuchota maji amenuna, kwa sababu watoto wa uwanjani walikuwa wanamwita Binti Betri.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na hakuna aliyeiona inakuja. Dereva wa gari la mafuta akiwa mbele ya mstari na tangi limekauka, hupitia kituo cha mafuta, abiria humsubiri dakika chache, safari inaendelea. Wa gari la umeme hana pa kupitia. Akitoka kwenye mstari kwenda kutafuta chaji, akirudi anaanzia mkiani. Akibaki, anaweza kumpata abiria wa mbali. Wenye magari mapya hawakuhangaika, betri zao ziliwabeba kutwa. Taratibu alikuwa akikaa mbele ya mstari na jasho kwenye mdomo wa juu, akiombea abiria wa karibu. Mtu ambaye hakuwahi kumchagua abiria sasa alikuwa akiwachagua moyoni.

Dereva mmoja aliyeitwa Mrefu, aliyekuwa na gari kama hilo ila jipya, alipita nyumbani siku moja kuchukua suruali iliyokuwa inapunguzwa kiuno.

"Shemeji," akasema, "mwambie mzee akiteremka mlima asitoe gia. Hili gari likiteremka na gia yake linajirudishia chaji. Yeye analiachia tu, linaserereka bure."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Nilimwambia. Akaniuliza nimeanza kuendesha lini."

Alimwambia mumewe wakati wa kula. Taratibu akamaliza kutafuna kwanza. "Nimeteremsha magari kwenye mlima ule kabla Mrefu hajaota meno. Ukiteremka unatoa gia, unaokoa. Hilo halibadiliki."

Mkewe akamwongezea mchuzi. Mumewe hakuwa mkali, lakini siku hizo alikuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi: ukiishika vibaya inachanika.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa siku ya kawaida. Mkewe alikuwa amempelekea chakula kituoni, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Gari lao lilikuwa la mbele. Akachungulia dirishani, akaona vijiti vya chaji kwenye dashibodi vimebaki nusu. Kabla hajasema neno, muuguzi akatoka langoni akimsukuma bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, mkono bado na plasta mahali palipokuwa na sindano ya dripu.

"Anakwenda ng'ambo ya mlima," muuguzi akasema. "Kule kwenye kiwanda cha matofali. Mwanawe atampokea."

Taratibu alimwangalia mwenyekiti wa kituo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akipangusa kichwa chake. Wote walimwita Kipara, naye alijiita hivyo hivyo. Walikuwa wameosha magari pamoja ujanani.

"Vipi," Kipara akasema, bila ubaya. "Unakwenda, au unatoka kwenye mstari?"

"Nakwenda."

"Na wewe mama ni nani yake?" muuguzi akamuuliza aliyeshika bakuli.

"Ni mkewe."

"Basi nisaidie, kaa naye nyuma. Ana nyuzi tumboni, asiyumbe."

Hivyo ndivyo alivyojikuta ndani ya gari, bibi ameegemea bega lake, bakuli la chakula miguuni. Taratibu akazima redio, akazima feni. Wakaondoka.

Wakaenda mwendo. Bibi akainua kichwa.

"Mwanangu, umeliwasha gari?"

"Linakwenda, bibi."

"Silisikii."

"Hili halisemi."

"Kama mkwe wangu wa kwanza," bibi akasema, akakirudisha kichwa begani. "Miaka nilikaa naye, hujui yupo au ametoka."

Mke wa Taratibu alicheka, na hata mumewe mabega yalitikisika kidogo. Kisha mlima ukaanza. Vijiti vikaanza kuondoka, kimoja, halafu kingine, kama watu wanaotoka msibani bila kuaga. Alivitazama kutoka nyuma kwenye nafasi iliyo kati ya viti viwili. Alitazama shingo ya mumewe, akaona mshipa umesimama. Bibi alikuwa amelala mdomo wazi.

Walipofika juu, kijiti kilikuwa kimoja. Lakini walikuwa wamefika juu, na kutoka hapo ni mteremko mrefu mpaka bondeni, kisha kipande cha tambarare hadi kiwandani. Taratibu alipumua kwa sauti. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye gia wenyewe, kama mkono wa mtu unavyokwenda kufunga kifungo bila kukitazama. Akaitoa. Gari likaserereka.

"Baba," mkewe akasema polepole. "Gia."

"Naokoa."

"Mrefu alisema ..."

"Mama watoto, niache niendeshe."

Akamwacha. Nje miti ilikuwa inapita haraka, upepo unaingia, mtu asiyejua angedhani ni safari nzuri. Mteremko wote ule, uliokuwa umejaa kitu walichokihitaji, wakaupitia mikono mitupu. Baadaye alikuwa akijiuliza kama angepaza sauti ingekuwaje. Lakini bibi alikuwa amelala, na mtu haanzi ugomvi na dereva akiwa mlimani.

Bondeni, kwenye tambarare, taa nyekundu ya chaji ikawaka. Taratibu akarudisha gia. Gari likaenda kama mtu aliyebeba gunia, likapunguza, likapunguza tena, likasimama kando ya kibanda cha kuuza mafuta ya chupa.

Mwenye kibanda hakusubiri kuitwa. Alikuja na chupa mkono mmoja na mrija wa kumiminia mkono mwingine.

"Mafuta yamekwisha, mzee?"

"Hapana. Chaji."

Yule mtu alilitazama gari, akaitazama chupa yake. "Basi hapo mimi sina la kukusaidia," akasema, na kweli sura yake ilionyesha kusikitika.

Watu wakajaa. Kila mmoja alikuwa na wazo, na hakuna wazo lililofaa. Mmoja akasema lisukumwe litawaka, akaambiwa haliwaki kwa kusukumwa. Mwingine alitaka kujua lina mahali pa kutia maji. Mwenye bucha la ng'ambo ya barabara akajitolea soketi yake, wakalisukuma gari mpaka mlangoni, bibi ndani, wakachomeka. Ndani ya bucha kitu kikalia, tap, na mtaa mzima ukanyamaza: redio ya kinyozi, mashine ya unga, yote.

"Ondoa, ondoa," mwenye bucha akasema. "Samahani, mzee wangu. Nina nyama za watu kwenye friji."

Jua lilikuwa limekaa juu ya bati la gari. Bibi aliamka akauliza kama wamefika. Mke wa Taratibu akamwambia bado kidogo. Akampepea kwa kitambaa cha bakuli. Bibi akashika tumbo, akasema nyuzi zinamvuta, akasema hivyo kwa adabu, kama anayeomba radhi. Akauliza tena kama wamefika.

"Piga simu kituoni," mke akasema.

Taratibu alikuwa amesimama nje, mkono juu ya paa la gari. Alijua, na mkewe alijua, kwamba simu hiyo ikipigwa, habari imetoka, na nafasi imeondoka. Aliwatazama watu waliojaa. Alimtazama bibi. Akatoa simu mfukoni.

Alikuja Mrefu. Hakusema chochote kuhusu gia, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angesema. Wakamhamisha bibi, mke akaenda naye, na alipogeuka nyuma akamwona mumewe amebaki peke yake kando ya gari jeupe safi, mwenye mafuta akimletea kigoda cha kukalia.

Bibi alifika. Lakini mwanawe, alipoona mamake anashushwa amejikunja hivyo, akapiga simu hospitali kulalamika, na hakuweza kulaumiwa.

Kipara alikuja mwenyewe nyumbani. Angeweza kutuma mtu. Alikaa kwenye benchi la wateja wa nguo, kati ya marundo ya sare, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Ndugu yangu," akasema, "unaijua sheria."

"Naijua. Niliitunga."

"Tuliitunga."

"Basi."

Kipara akanywa chai. "Nimesema na wenzetu. Wanasema ukibadilisha betri, njoo hata kesho, tutapiga kura upya."

Habari za betri walikuwa wamekwisha kuziuliza. Binti mkubwa aliuliza huko mjini chuoni, Mrefu akauliza kwa muuzaji. Betri mpya ilikuwa ghali kuliko gari lenyewe walivyolinunua. Yule muuzaji alikuwa amewajibu kwa upole kabisa kwamba mafundi wa kufungua betri hizo na kutengeneza vipande vilivyokufa wapo, ila hawapo hapa.

"Na la pili," Kipara akasema, akakitazama kikombe. "Nina gari jingine, jipya. Nilichukua kwa mkopo, sina dereva. Ningefurahi uliendeshe wewe. Kila siku unaniletea kiasi, kinachobaki chako. Utaanzia mkiani, kama kila mgeni. Naomba usinichukie kwa kukwambia."

"Sikuchukii."

"Shemeji?"

Mke wa Taratibu alikuwa ameinama kwenye nguo aliyokuwa akiipiga pindo kwa mkono. Aliinua kichwa. "Chai yako inapoa, shemeji," akasema.

Kipara alipoondoka, Taratibu alikaa pale pale alipokuwa amekaa Kipara. Akaichukua sare moja, akainyoosha kwa kiganja kwenye goti, mkunjo ukarudi.

"Wewe unaonaje?"

Mume wake hakuwa na mazoea ya kumuuliza hivyo. Katika maisha yao yote yeye alikuwa amengoja aulizwe, na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mengi. Sasa alitafuta la kusema. Akimwambia aende, atamwona akiendesha gari la mtu kama alivyokuwa kijana, akijipanga nyuma ya watu aliowafundisha kazi. Akimwambia asiende, basi aende wapi? Kuna gari uani, na mita ya mama mwenye nyumba, na mteja wa karibu mmoja mmoja wa kumpeleka sokoni na kurudi. Aliuliza huku na huku kichwani mwake, na kila mlango aliougonga ulikuwa na mtu anayesema samahani.

"Sijui, baba," akasema.

Taratibu akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba amepewa jibu alilolihitaji, akaikunja ile sare akairudisha kwenye rundo.

Asubuhi alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe kabla watu wengine hawajawasha vitu vyao, akaenda kwa Kipara kuchukua ufunguo. Binti mdogo alikuwa anakunywa chai akiwa amevaa sare.

"Mama, baba ameajiriwa?"

"Ndiyo."

"Kwani hilo ni zuri au baya?"

Mamake alimfunga kifungo cha shingoni, kisha akakifungua, kilikuwa kinambana.

"Kunywa chai," akasema, "utachelewa."